Msumari Mtupu kwenye Ubao wa Dibwe

Saa nane na dakika hamsini mchana, siku ya Jumatatu, katikati ya msimu wa mvua, king'ora cha pili kilikuwa kimekwisha kulia, na kwenye ubao wetu msumari mmoja ulikuwa mtupu. Matundu yalikuwa yameshindiliwa baruti. Waya zilikuwa zimevutwa. Treni ya balasti, yale mawe ya kutandaza chini ya reli, ilikuwa ije kuchukua mzigo kesho yake, na upande wa magharibi wingu lilikuwa limesimama jeusi kama mlango uliofungwa. Ufunguo wa mashine ya kulipulia ulikuwa shingoni mwangu, nami sikuuvua.

Ninyi mliobaki kazini mmekuwa mkisimuliana habari ya siku ile, na kila ninapoisikia imezidi kidogo. Wengine wanasema nilimtupia patron, mkuu wetu, ufunguo usoni. Wengine wanasema mwalimu alikutwa amezirai juu ya mwamba. Hakuna hata moja la kweli. Nimeona afadhali niandike kwa mpangilio tangu mwanzo, kwa sababu asiyeujua ubao hawezi kuielewa ile Jumatatu, na asiyewajua wapandaji hataelewa kwa nini waliachiwa ukuta ambao kampuni ilikuwa na haki yote ya kuufunga.

Niliingia kariere ya Dibwe nikiwa kijana asiye na cheti. Kariere ni machimbo ya mawe, na dibwe kwa Kiluba ni jiwe, kwa hiyo mahali petu panaitwa Jiwe, basi. Wazee walioliweka jina hilo hawakujisumbua. Kilima chote ni mali ya ukoo mmoja wa hapa Kamina, waliokinunua zamani pamoja na nyasi zake. Siku ya kwanza nilitegemea kupewa nyundo. Nilipewa ufagio. Kazi yangu ilikuwa kufagia vumbi na kokoto kuzunguka kila tundu lililotobolewa, ili kisianguke ndani kitu ambacho hakikuitwa. Nilifagia mpaka mchana nikiona aibu, maana nyumbani nilikuwa nimeaga kwamba naenda kupasua mlima.

Mkubwa wa baruti wakati huo alikuwa Tata Kasongo, Mkatoliki wa kijiji kimoja nje ya mji, mtu mfupi, mwenye sauti ndogo. Ufunguo wa mashine alikuwa ameufunga kwenye kamba ya rozari iliyopoteza shanga zake. Mchana ule alinichukua, akanisimamisha mbele ya ubao ulioko kwenye lango, akaniuliza ninaona nini. Nikasema naona misumari. Akaniuliza naona nini tena. Nikasema baadhi ina vipande vya shaba na mingine haina. Akaniacha pale nisimame mpaka watu wote walipotoka kwenda kula na kila mmoja kutundika kipande chake. Ubao ulipojaa, akarudi.

"Sasa unaweza piga," alisema, akimaanisha kulipua. "Lakini kama kuko musumari moya tu iko mutupu, minyi siko na mikono."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kwanza, na sijapata mengine yaliyo mafupi kuliko hayo. Vile vipande vya shaba tunaviita jeton. Kila anayeingia ndani ya uzio huchukua jeton yenye namba yake, hukaa nayo mfukoni, na akitoka huirudisha kwenye msumari wake. Ubao haujui sura ya mtu wala cheo chake. Mtu mmoja tu hakuwa na msumari: patron. Aliingia na kutoka kama mwenye nyumba, na sisi tukajizoeza kumtafuta kwa macho kabla ya kila mlipuko, jambo ambalo Tata Kasongo hakulipenda hata siku moja, ila hakuwa mtu wa kumwambia patron achukue namba.

Nitaje pia vyombo, maana najua baadhi yenu mnavidharau. Barmini ni fimbo ya chuma ndefu kuliko mtu, na kazi yake ni kuangusha mawe yaliyolegea baada ya mlipuko. Lakini kabla ya kusukuma, unagonga. Mwamba mzima unalia kwa sauti kali na fupi. Mwamba uliotengana unajibu kwa sauti nzito, kama sanduku. Tata Kasongo aligonga, akasikiliza, akasogea, akagonga tena, na sisi tuliokuwa nyuma yake tulikatazwa hata kukohoa. Mambo mengine niliyapata katika kitabu cha Kifaransa cha kazi ya baruti, ambacho kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimewasha moto jikoni kwa mtu. Sikuwa na Kifaransa, na nilijifunza kwa kitabu kile kile, kwa hiyo Kifaransa changu kinaanzia katikati. Mpaka leo naweza kuomba chombo cha kupimia waya kwa ufasaha kuliko ninavyoweza kuomba chai.

Kulikuwa na siku ngumu. Ngumu kuliko zote ni ile ya tundu lililokataa kulipuka. Mengine yote yalipiga, moja likanyamaza. Tulingoja muda wote ambao kitabu kinataka tungoje, kisha Tata Kasongo akaongeza wake. Halafu akaenda peke yake, polepole, akitembea kama mtu anayekwenda kumwamsha mgonjwa. Aliporudi na waya mkononi, aliketi juu ya ndoo na kuomba maji. Sikumsikia akijisifu. Mwaka aliochoka macho alinivika ile kamba ya rozari bila hotuba. Aliniuliza tu kama nakumbuka ubao.

Sasa wapandaji. Upande wa magharibi wa Dibwe kuna ukuta wa zamani ulioachwa tangu kazi ilipohamia mashariki. Ni mrefu, umesimama wima, na jiwe lake ni zuri. Uliachwa kwa sababu malori yalishindwa kuufikia, si kwa ubovu. Jumapili moja mlinzi alinipigia simu kuwa amekamata wezi wa waya, na kwamba wezi wenyewe hawataki kushuka. Nilifika nikiwa bado na shati la misa. Watu watatu walikuwa wamening'inia kwa kamba katikati ya ukuta. Niliwaamuru washuke, wakashuka, tena kwa adabu, wakifuatana. Mmoja alikuwa Ilunga, fundi wa antena za simu, ambaye kazi yake ni kupanda minara, na ambaye siku ya mapumziko aliona afadhali apande tena. Wa pili alikuwa kijana wa duka la dawa. Wa tatu, aliyenishangaza, alikuwa mwanamke mwenye miwani: Madame Beatrisi, mwalimu wa jiografia katika shule ya Wamethodisti.

"Munatafuta nini pale?" niliwauliza. "Waya?"

"Hapana, papa," alisema Madame Beatrisi. "Hatutafute kitu."

"Juu kuko nini?"

"Juu hakuna kitu."

"Na mukifika?"

"Tunashuka."

Mlinzi alicheka, mimi sikucheka. Nilidhani wananidhihaki. Ilunga aliona uso wangu, akasema, "Papa, weye unapasuaka mulima kila siku, na haulizwe. Siye tunaugusa tu, njo tunakamatwa?"

Nilitaka kuwafukuza, na ningewafukuza, kama nisingemwona Madame Beatrisi akifanya jambo moja. Alipokuwa akikunja kamba, alipiga mwamba kwa kiganja mahali fulani karibu na kichwa chake, akasikiliza, akamwambia Ilunga kuwa pale wasipite tena. Nilikwenda nikagonga mwenyewe kwa jiwe. Palijibu kama sanduku. Hakuna aliyemfundisha, alisema tu kwamba siku moja alishika jiwe likaondoka naye kidogo, na tangu hapo anabisha hodi kwanza.

Nilimpelekea habari patron, Bwana Mwepu, mpwa wa mzee aliyenunua kilima. Si mtu mbaya. Ni mtu wa hesabu, na katika hesabu zake mtu anayepanda mahali ili ashuke hakuwa na safu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu Madame Beatrisi alikuja mwenyewe ofisini, akiwa na kofia yake ya kanisani, akamwambia kuwa vijana wanaruka uzio kila siku kuja kuwinda njiwa kwenye ukuta ule, kwamba patron hajui ni wangapi wala saa gani, na kwamba yeye anaomba kuwa mtu anayejulikana. Aliomba msumari. Hakuomba ukuta, aliomba msumari, na mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni nilijisikia kama Tata Kasongo ameingia ofisini.

Patron alikubali kwa masharti. Jumapili tu, baada ya ibada, na hapo Wakatoliki walipata faida kidogo, maana ibada ya Wamethodisti haina haraka. Kila mmoja na jeton yake. Hakuna kukaribia upande wa mashariki. Na sharti la mwisho alilisema akinitazama mimi: "Siku ile Jumapili yabo itaingia mu kazi yangu, ukuta nafunga, na hakuna tena kuniomba."

Nilipiga misumari safu ya chini ya ubao na kuipaka rangi ya njano. Ilikuwa michache, ikaongezeka kidogo.

Nimewatazama watu wale kwa miaka, na naweza kusema bila kuona haya kwamba wachache katika kariere yetu walifanya kazi kama wao walivyofanya mchezo wao. Kamba walizipata kupitia Ilunga, za kazi ya minara, na kila moja ilikuwa imeandikwa tarehe ilipoanza kutumika. Ilipozeeka waliikata vipande mbele ya watu wote asije mtu akaionea huruma. Kabla ya kuondoka chini, kila mmoja hushika fundo la mwenzake kwa mkono na kulivuta, hata kama mwenzake amepanda miaka kumi, hata kama ni Madame Beatrisi mwenyewe. Hakuna anayekasirika. Nililileta jambo hilo kwenye baruti: tangu hapo, fundi wa waya huangaliwa na mwenzake, na wale waliokasirika mwanzoni mnajijua. Kila Jumatatu asubuhi nilipata ujumbe wa mahali palipolia vibaya, nasi tukapeleka barmini. Njiwa walibaki, wawindaji wakahama, kwa sababu ukuta sasa ulikuwa na wenyewe.

Hawakuwa malaika. Walijaribu kutumia unga wa muhogo kukausha mikono, na ndani ya juma moja sisimizi walikuwa wakipanda ukuta ule vizuri kuliko wao. Walihamia chaki ya shule iliyosagwa, na sikuuliza imetoka wapi. Walipenda pia kuzipa sehemu za mwamba majina. Juu kabisa palikuwa na kibaraza chembamba walichokiita Kitanda, ambapo mtu mmoja anaweza kulala akitazama reli mpaka inapopotea. Kutoka chini hakionekani kabisa. Shikeni jambo hilo.

Jumapili ya kabla ya Jumatatu ile walishuka jioni kama kawaida. Langoni Madame Beatrisi alikumbuka kuwa mkanda wake mmoja wa kupandia umebaki Kitandani. Aliwaambia wenzake watangulie, akarudi. Saa hiyo hiyo walinzi walikuwa wakibadilishana zamu. Yule wa mchana alidhani wa usiku atamwona akitoka, na yule wa usiku alidhani wa mchana amekwisha kumwona. Hivyo hakuna jicho lililomshuhudia akitoka. Asubuhi ya Jumatatu wafanyakazi walichukua jeton zao, misumari ikawa mitupu safu zote za juu kama ilivyo kila asubuhi, na ule mmoja wa njano ukajificha kwenye safu ya chini ambayo siku za kazi hakuna anayeiangalia. Ulionekana mchana tu, watu wote walipotoka kwa ajili ya mlipuko.

Nilipiga simu yake, haikupatikana. Nilipiga shuleni kwake, wakasema ameomba ruhusa ya juma zima, hawajui ameanza lini safari. Dada yake anayekaa naye alikuwa kijijini tangu Ijumaa. Jirani alisema hajamwona tangu alipotoka na kamba begani Jumapili. Nikampigia Ilunga. Akaniambia habari ya mkanda na Kitanda.

Patron alifika wakati huo, akatazama wingu, akatazama ubao.

"Banza, unangoya nini?"

"Nangoya jeton, patron. Ya Madame Beatrisi."

"Alienda nayo kwake. Kila muntu anasahauka."

"Inawezekana."

"Njo piga."

Nilimweleza kwamba inawezekana pia mtu amelala juu ya Kitanda amevunjika mguu tangu jana, hana sauti, na mawe yetu yakiruka yanafika ukuta wa zamani; yamekwisha kufika mara nyingi, alama zake ziko pale. Nilimwomba ruhusa ya kuwaingiza wapandaji wautafute mwili au mtu. Alitazama wingu tena, akakubali kwa kichwa.

Ilunga alikuja na wenzake wawili kwa pikipiki moja. Hapa lazima niwaeleze hatari ilikuwa wapi. Tunatumia vilipushi vya umeme, na radi haiulizi nani ana ufunguo. Mkishindilia matundu na radi ikakaribia, watu wote wanaondoka mbali na kungoja. Kwa hiyo niliwaambia: ngurumo ya kwanza wataisikia na filimbi yangu pamoja, na wakiisikia watashuka, hata kama kimebaki kipande cha ukubwa wa meza. Ilunga alisema amesikia. Nilimtaka arudie maneno yangu, akayarudia.

Walitoka juu ya kilima, wakateremka kwa kamba kutoka ncha ya kusini kuelekea kaskazini, kwa sababu upande wa kusini ndiko kulikokuwa na nyufa ndefu ambamo mtu anaweza kuteleza. Kitanda kilikuwa mwisho, kwa kuwa mwamba wa juu yake ulilia kama sanduku na hakifikiwi ila kwa ubavu. Kila walipohamisha kamba walisimama, mmoja akashika fundo la mwenzake, akalivuta, ndipo wakaendelea. Patron alikuwa kando yangu akiwatazama.

"Hata sasa banaangaliana kamba?" aliuliza.

"Njo vile banafanyaka, patron. Kila mara."

Aliacha kutazama saa yake.

Walikuwa wamemaliza nyufa zote, Ilunga amebakiza kuhamisha kamba mara moja tu afike Kitandani, ngurumo ikapita nyuma ya kilima. Haikuwa kubwa. Nilipuliza filimbi. Ilunga aligeuza kichwa kuelekea Kitanda, akabaki hivyo kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu. Alikuwa akimtafuta mtu aliyemfundisha nusu ya anayoyajua, na alikuwa karibu naye kama kutoka kitandani mpaka mlangoni. Kisha akashuka. Sijaona utii uliogharimu kuliko ule. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akaketi chini nje ya lango, na kichwa katikati ya magoti.

Patron alinivuta pembeni. Alisema polepole, na nampa heshima kwamba hakupaza sauti. "Mbele ya mvula kuko bado wakati kidogo. Nitrati ikiingia mayi, imekufa, unajua. Treni itaenda bule. Bameangalia kila pahali."

"Kitanda bado."

"Ni pahali padogo, Banza."

"Njo pahali muntu analalaka, patron."

"Na kama hakuna muntu?"

Nilimjibu kwa maneno ambayo hayakuwa yangu. "Musumari iko mutupu. Minyi siko na mikono."

Aliutazama ufunguo shingoni mwangu. Angeweza kuniamuru niutoe. Mlima ni wao, mashine ni yao, na msaidizi wangu alikuwa pale, anajua kuunganisha waya. Akageuka, akawaambia watu wote waende nyuma, mbali, kwenye banda la treni. Akaniambia pia kwamba habari ya Jumapili imekwisha.

Mvua ilinyesha kama inavyonyesha Kamina, bila kuanza, yaani ghafla ilikuwa katikati. Tuliitazama ikiingia kwenye matundu yetu. Nitrati iliyochanganywa na mazuti, yaani dizeli, ndiyo baruti yetu, na haihitaji maji mengi kufa. Radi ilipiga mbali, ikapiga karibu, ikahama. Ilunga alikuwa amesimama kwenye ukingo wa banda, amelowa, akitazama juu.

Mvua ilipopungua, kabla ya giza, pikipiki ilikuja kutoka barabara ya mashariki, imejaa matope mpaka kwenye kofia ya dereva. Nyuma yake alikuwa Madame Beatrisi, bila mzigo, miwani mkononi. Alishuka kabla haijasimama vizuri. Hakutusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao, akatia mkono mfukoni, akatundika jeton kwenye msumari wake, nasi wote tukaisikia shaba ikigonga chuma. Ndipo akageuka, akakunja magoti kidogo mbele yangu kama wanavyofanya kwetu mbele ya wakubwa, akasema, "Wafwako, tata," yaani asante, baba. Ilunga alianza kumtukana kwa Kiluba, maneno ambayo sitayaandika, huku analia.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jumapili alichukua mkanda, akatoka langoni giza likiingia, akili yake iko kwenye safari. Alfajiri alikuwa juu ya lori la kwenda Malemba-Nkulu. Lori likafanya kile ambacho malori ya barabara ile hufanya, likaharibika. Mchana aliita mwanamke anayeuza karanga, akatoa alichodhani ni pesa, na yule mama akamrudishia akisema franka hii yeye haijui. Hakukuwa na mtandao. Aliacha sanduku lake kwenye lori, akatafuta pikipiki.

Patron alimsikiliza, kisha akamuuliza jambo ambalo wote tulikuwa nalo. "Ungeendelea na safari, nani angekuambia kitu? Banza hawezi piga bila jeton. Haukujua?"

"Nilijua hatapiga," alisema. "Njo maana nilirudia. Mulikuwa munaningoya."

Akamwambia kwamba kosa ni lake peke yake, na kwamba wenzake hawakukosa. Aliomba msumari wake ung'olewe na ya wenzake iachwe. Patron alisema ataona kesho, akaingia kwenye gari.

Kwa nini alikuwa akienda Malemba-Nkulu niliambiwa na Ilunga baadaye, si na yeye. Alikuwa ameitwa kupokea ukurugenzi wa shule huko. Jioni ile lori lilitengenezwa, likafika kwa wakati, pamoja na sanduku lake. Kiti alikipata mwingine. Sijamsikia akilitaja jambo hilo, na ninyi mkimkuta langoni msilitaje.

Jumanne asubuhi tuliosha matundu moja moja na kuvitoa vilipushi. Ni kazi ya polepole, na maji ya pampu hayakutosha. Wapandaji walikuja wote, safu nzima ya njano, wakabeba maji kutoka mtoni kwa mapipa na kuyaacha pale nilipowachorea mstari, langoni. Hakuna hata mmoja aliyeuvuka mstari ule. Ilunga alinisalimia kama jana haikuwapo. Madame Beatrisi alibeba kama wengine, na hakuugusa ubao, kwa kuwa alijiona hana tena msumari.

Patron alifika tukiwa tumemaliza. Mkononi alikuwa na nyundo. Wote tuliona, na wote tukaacha tulichokuwa tukifanya. Alikwenda kwenye ubao, akainama kwenye safu ya njano, na Madame Beatrisi akageuza uso pembeni. Nyundo ilipiga mara kadhaa. Patron aliposimama, misumari yote ilikuwa mahali pake, na mwishoni mwa safu, karibu na ule wa Madame Beatrisi, kulikuwa na mmoja mpya. Aliniomba jeton. Nikampa iliyokuwa haina mwenyewe. Akaitundika, akaichukua tena, akaitia mfukoni, akaingia ndani ya uzio kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Baada ya hatua chache alisimama, akaniuliza bila kugeuka hasara ya jana ni ngapi: nitrati, vilipushi, kazi ya kutoboa upya, na treni iliyokwenda bure. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu usiku.

"Dola mia saba na makumi ine, patron," nilimwambia. "Musumari ya leo haiko mu hesabu."